Maswali kwa Fundi: King'amuzi cha Toni kwa Taa na Pampu ya Nyumbani

SWALI: Ndugu fundi, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na nyumba yangu ipo Gungu. Tunazo redio mbili za mkononi tulizozilipia leseni, moja inakaa mwaloni na nyingine nyumbani. Kwa kuwa mara nyingi ninarudi usiku na kuikuta nyumba ikiwa giza, nilitengeneza saketi ya LM567, chipu ya kutambua toni moja, nikaiunganisha kwenye tundu la spika ya masikio la redio ya nyumbani na kuirekebisha isikie toni ya Hz 1,000, nami mwaloni ninaipiga toni hiyo kwa saketi ndogo ya 555, chipu ya kutoa mapigo. Toni ikisikika rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inageuka: taa iliyozimwa inawaka, na inayowaka inazimika. Mwezi wa kwanza kazi ilikwenda vizuri, lakini siku hizi taa zinajiwasha mchana vijana wangu wanapotajiana bei kwenye redio, na jioni ninapobonyeza mwenyewe hazisikii. Nilikusudia kuongeza pampu ya maji kwenye saketi hiyohiyo, ila nimesita. Nimekosea wapi? — Msomaji, Gungu, Kigoma.

JIBU: Umefanya vyema kusita, ndugu yangu, kwa sababu taa ikijiwasha mchana unapoteza uniti chache za umeme, lakini pampu ikijiwasha wakati kisima kimekauka utaunguza mota. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni kosa katika uunganishaji wako. Kosa lipo katika kazi uliyoipa saketi. Kusikia toni iliyotumwa ni jambo jepesi kwa king'amuzi chochote. Kazi nzito ni kuzikataa sauti zote ambazo hazikutumwa kama amri, na redio inayotumiwa na watu kuzungumza siku nzima imejaa sauti hizo.

LM567 ina osileta ndani yake, yaani sehemu inayozalisha mawimbi yake yenyewe, ambayo hujaribu kujifunga kwenye sauti inayoingia kupitia mguu wa 3. Masafa yake ya katikati huwekwa na resista na kapasita zilizopo kwenye miguu ya 5 na 6, nayo hupatikana kwa kugawanya 1 kwa zao la 1.1, ohmu za resista na faradi za kapasita. Ukitumia kapasita ya mikrofaradi 0.1, basi Hz 1,000 huhitaji kilo-ohmu 9.1 hivi. Sauti inayoingia ikifikia milivolti 200, na kapasita ya mguu wa 2 ikiwa ya mikrofaradi 1 kama wengi wanavyoweka, upana wa masafa unaokubaliwa hufika kwenye kikomo cha chipu hiyo, yaani karibu asilimia 14, na maana yake ni kwamba saketi yako ipo tayari kuitikia chochote kilichopo kati ya Hz 930 na Hz 1,070. Kijana akivuta irabu wakati wa kutaja bei, "haya, chukuaaa," sauti yake inapita palepale, na king'amuzi hakina namna ya kujua kwamba huyo alikuwa anauza dagaa.

Kuhusu kutosikia jioni, ninashuku kapasita. Niliwahi kuiweka LM567 mezani ikiwa na kapasita ya kauri, ile ya duara na bapa ambayo ndiyo rahisi kuliko zote dukani, nikaunganisha kipima masafa kwenye mguu wa 5, kisha nikaisogeza ncha ya chuma cha kulehemu karibu na kapasita bila kuigusa. Kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi, masafa yalikuwa yamepanda na kutoka kabisa nje ya upana niliouweka, na yalirudi taratibu nilipoondoa chuma. Saketi yako inakaa chini ya bati, ile ya 555 inakaa mwaloni kwenye upepo wa ziwa, na kila moja inahama kwa joto lake. Kapasita ya poliesta ingepunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, lakini isingelizuia lile la mazungumzo.

Kwa hiyo ninakushauri uache toni moja na uhamie kwenye toni pacha, zilezile zinazolia unapobonyeza namba za simu. Kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuwapa wateja wake simu za namna hiyo mwezi Novemba 1963, na mpangilio wake haujabadilika hadi leo. Kuna masafa manne ya chini, 697, 770, 852 na 941, na manne ya juu, 1,209, 1,336, 1,477 na 1,633, na kila kitufe hutoa moja la chini na moja la juu kwa wakati mmoja. Kitufe cha 5, kwa mfano, ni Hz 770 pamoja na Hz 1,336. Yalichaguliwa kwa makusudi ili lisiwepo hata moja lililo kigawe cha jingine, na mdomo wa binadamu hupata shida sana kuyatoa mawili yanayolingana, kwa usahihi unaotakiwa, na kuyashikilia. Redio nyingi za mkononi zenye vitufe vya namba huzitoa toni hizo ukibonyeza namba huku umeshikilia kitufe cha kuongelea, hivyo ile 555 ya mwaloni unaweza kuistaafisha.

Chipu ya kuzing'amua ni MT8870, yenye miguu 18. Huhitaji kurekebisha masafa yoyote kwa bisibisi, kwa sababu huyapata kutoka kwenye kristali ya MHz 3.579545 inayokaa kati ya miguu ya 7 na 8. Mguu wa 18 unapokea volti 5, wa 9 unakwenda hasi pamoja na wa 5 na wa 6, na wa 10 unakwenda chanya. Mguu wa 1 unganisha na wa 4. Sauti ipitie kapasita ya nanofaradi 100, kisha resista ya kilo-ohmu 100 hadi mguu wa 2, na resista nyingine ya kilo-ohmu 100 iunganishe mguu wa 2 na wa 3. Mwisho, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 17 na chanya, na resista kati ya mguu wa 17 na wa 16. Michoro mingi huiweka resista hiyo ya mwisho kuwa ya kilo-ohmu 300, thamani inayoifanya chipu ikubali toni iliyodumu milisekunde 40 hivi. Katika kazi za redio mimi huweka mega-ohmu 1, ambayo huirefusha subira ya chipu zaidi ya mara mbili; kidole cha mtu hukaa kwenye kitufe kwa muda mrefu kuliko hapo, wakati sauti ya mazungumzo inayofanana na toni pacha kwa bahati mbaya hupita upesi.

Hadi hapo ni kazi ya jioni moja. Mahali ambapo wengi hukwama ni kiwango cha sauti, na ningependa usiharakishe hapa. Kwa uunganishaji huo MT8870 inataka kila toni iwe kati ya milivolti 27.5 na milivolti 869. Tundu la spika ya masikio la redio ya mkononi, sauti ikiwa imefunguliwa sana, linaweza kuzidisha hapo, tena kikuza sauti cha redio kikianza kukata vilele vya mawimbi kinazaa masafa mapya ambayo hayakutumwa, na chipu, kwa haki kabisa, inayakataa yote. Fundi akiona haisikii huongeza sauti, na hapo ndipo anapoiharibu zaidi. Fungua sauti ya redio hadi theluthi moja tu, weka potenshiomita (resista ya kuzungusha) ya kilo-ohmu 10 kabla ya ile kapasita ya kuingilia, iweke chini kabisa, kisha mwambie mtu wa mwaloni abonyeze namba moja baada ya nyingine huku ukiipandisha taratibu na kutazama taa ya LED iliyounganishwa kwa resista kwenye mguu wa 15, ambao hupanda kila toni halali inapothibitishwa. Ikianza kuwaka bila kukosa, pandisha kidogo zaidi, kisha acha. Baada ya hapo weka alama ya rangi kwenye kitufe cha sauti cha redio, ili atakayekuja kusikiliza mpira asikivuruge.

Kuna redio ambazo waya zote mbili za spika hubeba sauti na hakuna uliounganishwa na hasi ya redio. Ukiunganisha mmoja wao na hasi ya saketi yako utaua kikuza sauti. Pima kwanza kwa maltimita; hata usipokuwa na shaka, tumia transfoma ndogo ya sauti ya ohmu 600 kwa 600, ambayo utaipata ndani ya modemu ya zamani ya simu ya waya, ili redio na saketi zisigusane kabisa. Usishawishike pia kuchukua sauti ndani ya redio moja kwa moja kutoka kwenye hatua ya kung'amua mawimbi. Pale toni za juu huwa bado zimeinuliwa kuliko za chini, kwa namba 3 tofauti inafika desibeli 6 na zaidi, na MT8870 huvumilia kama desibeli 8 tu kati ya toni mbili za kitufe kimoja. Sauti ya tundu la spika imekwisha kusawazishwa.

Miguu ya 11 hadi 14 inatoa namba iliyosikika katika mfumo wa biti nne, na huishikilia hadi namba nyingine isikike. Angalia hapa: sifuri haitoki kama 0000, inatoka kama 1010, yaani 10, nyota ni 11, na alama ya reli (#) ni 12. Ungeweza kuziunganisha biti hizo na chipu ya CD4514 ukapata njia 16 za kutokea, moja kwa kila namba, bila programu yoyote, lakini kwa nyumba yako ninapendelea kidhibiti kidogo kama Arduino Nano, kwa sababu namba moja haitoshi kuwa amri. Panga iwe nyota, namba tatu za siri, namba ya kifaa, namba ya tendo, kisha reli. Programu isome biti pale tu mguu wa 15 unapopanda, na ikikaa sekunde 5 bila kupata namba inayofuata ifute yote na kuanza upya. Bahati mbaya inaweza kuzaa namba moja katikati ya mazungumzo; kuzaa saba kwa mpangilio ndani ya muda huo ni jambo jingine.

Achana pia na tendo la kugeuza, ambapo amri ileile huwasha na kuzima. Wewe upo Kibirizi, huoni taa, na vilima vilivyopo kati yako na Gungu vinaweza kumeza amri moja kati ya tatu. Ukibonyeza mara ya pili kwa kutokuwa na uhakika, huenda unazima ulichokwisha kuwasha. Iwepo amri ya kuwasha na amri nyingine ya kuzima, na kurudia amri kusidhuru chochote. Vizuri zaidi, redio ya nyumbani ijibu: mlio mmoja mrefu kwa kuwaka, miwili mifupi kwa kuzimika. Arduino ifunge kitufe cha kuongelea kupitia optokapla ya PC817, kijisehemu kinachopitisha amri kwa mwanga bila waya kugusana, isubiri sekunde 2 ili wewe uwe umeachia kitufe chako, ilie, kisha iachie. Redio inaporusha mawimbi karibu na bodi, mawimbi hayo huingia kwenye waya na kuichanganya programu, hivyo weka bodi kwenye sanduku la chuma lililounganishwa na hasi, kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme ya kila chipu, na antena iwe nje, mbali na sanduku.

Sasa pampu. Rilei ndogo ya bluu iliyoandikwa ampea 10 inatosha kwa taa, lakini mota ya pampu huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa inapoanza, na ncha za rilei hiyo zitashikana siku moja na kukataa kuachia. Rilei iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku, kontakta ndiyo iwashe pampu, ikiwa na kinga ya ovalodi inayokata umeme mota ikizidiwa. Swichi ya boya ya simtanki na ile ya kisimani zikatize waya wa koili ya kontakta moja kwa moja, zisipitie kwenye programu, ili tanki likijaa au kisima kikishuka pampu izimike hata Arduino ikiwa imeganda. Programu nayo izime pampu yenyewe baada ya dakika 30 hata kama hakuna amri iliyokuja, na umeme ukikatika na kurudi, kila kitu kianze kikiwa kimezimwa. Waya za volti 230 mwachie fundi umeme mwenye leseni ikiwa hujazizoea.

SWALI: Ndugu fundi, nilitengeneza king'amuzi cha MT8870, na kristali niliitoa kwenye bodi ya televisheni ya zamani ya rangi kwa sababu hapa Mwanga sikuipata dukani. Jambo la ajabu ni kwamba chipu haikufa, ila inasikia vitufe viwili tu. Nikibonyeza 9 inatoa 1, na nikibonyeza alama ya reli inatoa 4. Nimebadilisha chipu mara mbili. — Msomaji, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Chipu zako zote tatu ni nzima, usizitupe. Soma maandishi yaliyopo juu ya ganda la kristali, nami ninaamini utaona 4.43. Kristali ya 3.58 tunayoihitaji ni ya televisheni za mfumo wa NTSC wa Marekani, na huku kwetu televisheni za zamani zilitumia mfumo wa PAL, ambao kristali yake ya rangi ni ya MHz 4.433619. Chipu huyapata masafa yake yote kwa kugawanya mapigo ya kristali, kwa hiyo kila sikio lake limehamia juu kwa karibu asilimia 24. Mahali ilipopaswa kusikiliza Hz 697 sasa inasikiliza 863, na mahali pa 1,209 inasikiliza 1,497. Kitufe chako cha 9 hutoa 852 na 1,477, ambayo yapo ndani ya asilimia 1.5 inayovumiliwa, nayo inaamini imesikia 1. Alama ya reli hutoa 941 na 1,477, ikaangukia kwenye 4 kwa njia hiyohiyo. Vitufe vingine vya simu havikuangukia popote. Nimefurahi sana kwa barua hii, kwa sababu uliandika ulichokiona namba kwa namba, na kwa namba hizo tatizo limejulikana bila bodi kufika mezani kwangu.

Tafuta simu ya mezani ya vitufe iliyoharibika. Nyingi zina kristali ya 3.58 karibu na chipu ya namba, na mara nyingi inabaki nzima hata simu ikiwa imekufa kwa radi.

SWALI: Ndugu fundi, je, ninaweza kutumia toni hizi kufungua geti la nyumba kwa redio? Na je, ninahitaji kibali? — Msomaji, Ujiji.

JIBU: Geti usilifungue kwa toni hizi. Chochote unachokirusha kinasikika na kila mwenye redio katika masafa hayo, naye akiirekodi amri yako kwa simu na kuicheza tena mbele ya redio yake, king'amuzi kitatii bila kujua tofauti. Namba ya siri niliyomshauri msomaji wa Gungu inazuia bahati mbaya na utundu wa watoto, haizuii mwizi aliyekusudia. Kama ni lazima, programu iwe na orodha ndefu ya namba, kila moja itumike mara moja tu na kufutwa, na nakala ya orodha uwe nayo kwenye karatasi mfukoni; hata hivyo, kwa geti mimi ningebaki na ufunguo.

Kibali unakihitaji, hata ukiwa na redio ndogo. Matumizi ya masafa ya redio nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, na redio iliyouzwa waziwazi dukani haiji na ruhusa ya kuitumia. Mwenye leseni tayari, kama ndugu yetu wa Gungu, naye asome masharti yake kabla ya kuunganisha ule mlio wa kujibu, kwa sababu redio inayorusha yenyewe bila mtu kuwepo ni matumizi tofauti na mazungumzo aliyoyaombea, na awaandikie TCRA akieleza nguvu ya redio, masafa anayotumia na kwamba mlio hautazidi sekunde 2.